Mtandika Mkeka na Mechi ya Siku Tano

Lori lilikuwa limeshavuka daraja la pili. Misumari alikuwa amekaa nyuma, juu ya mkeka, begi lake katikati ya magoti, akiutazama uwanja ukizama nyuma ya mapaa ya bati mpaka likabaki tangi la maji peke yake, kisha na tangi nalo likaenda zake. Hakusikitika. Alikuwa ameshahama miji kumi na mmoja, ameshakuwa utingo, mpaka rangi, mchimba visima na mpishi wa kambi ya watengeneza barabara, na kila alipoondoka alihisi miguu yake inashukuru. Katika mji huu alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili. Hata yeye mwenyewe alishangaa.

Kilichomweka ni huo mkeka. Haukuwa mkeka wa kulalia. Ulikuwa wa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, urefu hatua ishirini na mbili, mzito wa kubebwa na wanaume sita, na kriketi ya nchi ile ilikuwa imekulia juu yake. Katika mchezo huo mrushaji huutupa mpira udunde chini kwanza kabla ya kumfikia mpigaji, kwa hiyo mambo yote yanategemea pale unapodunda. Wenye mchezo wao huudundisha juu ya udongo ulioota nyasi, zikakatwa zikabaki vishina, ukashindiliwa kwa rola mpaka ukang'aa. Hiyo ndiyo pichi. Nchi ile haikuwa na pichi wala mtu wa kuilea. Ilitandaza mkeka juu ya ardhi ngumu na kuukaza pembeni kwa misumari. Mkazaji alikuwa yeye. Misumari aliibana mdomoni, kumi kumi, ndiyo maana hakuzoea kusema sana, na ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti.

Kila asubuhi ya mechi aliutandika. Kila jioni aliung'oa, akauviringisha, akaimwagilia ardhi maji ili usiku ishikamane na kesho yake iwe ngumu kwa mechi nyingine. Mechi zilikuwa za siku moja. Jua likizama, imekwisha.

Halafu nchi ikapewa hadhi. Wakubwa wa mchezo walikaa ng'ambo huko, wakainua mikono, na nchi ambayo hata ramani nyingine huiandika kwa herufi ndogo ikaambiwa sasa na wewe ni mmoja wetu, unaweza kucheza Testi, zile mechi za siku tano. Katibu wa chama alilia redioni mpaka mtangazaji akaweka muziki. Tayari kulikuwa na Mtaalamu, mgeni mwenye kofia pana, aliyekuwa ameilea pichi ya nyasi kwa miaka mitatu kama mtoto njiti. Mkeka ukatolewa kwa chuo cha ualimu, safari ya saa nne, na Misumari akaambiwa aende nao. Naye akasema sawa.

Sasa lori likapunguza mwendo, likasimama pembeni. Dereva akatoa kichwa dirishani, simu mkononi.

"Wewe, Misumari. Katibu anakutaka."

"Mwambie nimeshaondoka."

"Nimemwambia. Anasema hujaondoka, uko daraja la pili."

Akaipokea. Katibu alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi.

"Mtaalamu amelazwa. Kidole tumbo. Wamempasua asubuhi hii."

"Pole yake."

"Mechi ni Alhamisi, mzee mwenzangu. Leo Jumamosi."

"Mimi ni mtu wa mkeka."

"Na wa nyasi yuko kitandani na mpira puani. Unataka nimwite nani, kinyozi?"

Misumari aliangalia barabara iliyokuwa mbele. Ilikuwa nzuri, imenyooka, na hakuna aliyemjua huko. Kisha akashusha begi.

"Upeleke wewe," alimwambia dereva. "Na wakiutumia wasiukunje. Wauviringishe. Ukikunjwa unavunjika mgongo."

Dada yake alikuwa anaanua nguo alipomwona akiingia uani. Misumari alipanga kwake, chumba cha nyuma, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kupigilia hata msumari mmoja ukutani wa kutundikia shati. Nguo zake zilikaa begini.

"Umesahau nini?" dada akauliza.

"Sijasahau kitu. Nimerudi."

"Mpaka lini?"

Dada alikuwa na haki ya kuuliza. Siku ya harusi yake, Misumari alitakiwa kusimama mahali pa marehemu baba yao, na watu wakiwa wamekaa kwenye viti wakimngoja, yeye alikuwa ameshapanda gari. Si kwamba hakumpenda shemeji yake. Ilikuwa tu kwamba wote walikuwa wanamtazama yeye. Alipopita kuwasalimu baada ya miaka minane alimkuta mpwa wake ana meno ya mbele mapya.

Mpwa huyo sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, fundi umeme siku za kazi, na siku nyingine mrushaji wa taratibu, wa ile mipira inayopinda ikidunda. Kwa umri wake, Testi hizo asingezipata nyingi. Yeye na Misumari waliitana mjomba, kila mmoja kwa mwenzake, kama ilivyo desturi ya mjomba na mpwa.

Mtaalamu alituma karatasi tatu kutoka hospitali, mwandiko umelala kama mgonjwa mwenyewe. Misumari alikuwa amesoma shule vipande vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji ule, mengine hakuyafikia, kwa hiyo alizisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Rola dakika arobaini asubuhi. Kata nyasi zibaki kimo cha punje ya mchele. Turubai ukiona wingu. Alifuata kila neno. Karatasi ya tatu iliishia asubuhi ya siku ya kwanza, na chini yake Mtaalamu alikuwa ameandika: Baada ya hapo mwachie Mungu na waamuzi.

Alhamisi watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Wenyeji walianza kupiga. Misumari hakuweza kukaa. Alizunguka uwanja nje ya kamba, mikono nyuma, na kila mpira ulipodunda alitazama ulipodunda, si ulikokwenda. Wauza karanga wakaanza kuhesabu mizunguko yake. "Mzee, ukifika hamsini tunakupa kombe." Hakuwasikia. Wenyeji walipata mbio, ndizo pointi za mchezo huo, mia mbili na kumi na nne kabla hawajatolewa wote, na jua likawa linashuka. Waamuzi waling'oa vijiti vinavyosimama nyuma ya wapigaji, wachezaji wakatoka, watu wakatoka wakiimba. Siku ikaisha.

Naye akafanya alichofanya kila siku ilipoisha. Alifagia. Akaziba mashimo ya viatu kwa udongo na kuyagonga. Akachukua ndoo ya kumwagilia, ile yenye mdomo wa matundu, akaijaza bombani, akaja akaimimina upande wa tangi, hatua nne mbele ya mahali pa vijiti, akienda nyuma nyuma taratibu ili asikanyage. Mikono ilikuwa inajua kazi. Kichwa kilikuwa kinawaza kwamba magoti yanauma.

Alirudi kujaza ndoo ya pili. Askari wa getini alikuwa bombani ananawa uso.

"Shikamoo mzee. Kesho mnacheza na nani?"

"Marahaba. Na hawa hawa..." Misumari alisema, kisha akalifunga bomba.

Kesho ni mechi hii hii. Haijaisha. Na akaikumbuka sauti ya Mtaalamu, siku moja miaka miwili nyuma, akisimama pale pale na kofia yake: mechi ikianza, tone moja la maji kwenye pichi ni haramu. Misumari alikuwa ameitikia kwa kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa.

Alikimbia. Alivua shati akalilaza pale penye maji, akalikamua pembeni, akalilaza tena. Akaleta magunia. Udongo ule ulikuwa wa kunywa haraka. Wingu lilikuwa limetanda upande wa milimani, na karatasi ilikuwa imesema turubai ukiona wingu, basi akaita vijana wa zamu wakalivuta turubai juu, na unyevu wote ukabaki chini yake kama mvuke kwenye sufuria.

Asubuhi waamuzi walipolifunua, mmoja aliinama, akachokoa upande wa tangi kwa ufunguo wa gari.

"Umande," alisema kwa mwenzake. "Limetoa jasho usiku."

Wakaruhusu mchezo. Misumari alisimama hatua tatu kutoka kwao, na hakusema neno, na hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni.

Wageni wakaingia kupiga. Walikuwa watu wa kazi, wamecheza Testi tangu babu zao. Mpira wa nne wa mpwa ulidunda upande wa tangi, ukapinda kama umeitwa jina, ukang'oa kijiti: mpigaji mmoja nje, wiketi moja. Uwanja mzima ulisimama. Wa pili akaondoka, wa tatu akaondoka. Misumari alizunguka mara mbili, kisha miguu ikamwasha kwa namna aliyoijua tangu ujana, nayo ikampeleka nje ya geti, ikapita nyumbani kwa dada, ikachukua begi, ikamfikisha stendi. Dada alikuwa uwanjani. Hakukuwa na wa kumuuliza mpaka lini.

Alipanda basi la kwanza lililokuwa na kiti dirishani. Hakuuliza linakwenda wapi. Dereva alikuwa amefungulia redio mpaka mwisho, na mtangazaji alikuwa amepagawa.

"Wiketi ya tano! Wiketi ya tano kwa fundi umeme wetu! Na tusimsahau, ndugu msikilizaji, mzee wetu Misumari, aliyeishika pichi hii kwa siku tano tu. Huyu mzee ni hazina."

Abiria wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye beseni mapajani akasema, "Huyo mzee anunuliwe soda na serikali."

"Soda tu?" akadakia kondakta. "Apewe uwanja uitwe jina lake."

Kisha redio ikanyamaza kidogo, ikarudi kwa sauti ya chini. Mpira wa mrushaji wa kasi ulikuwa umedunda upande wa tangi na kuruka ghafla, ukampiga mpigaji mgeni mkononi. Amepiga magoti. Kidole kinaonekana kimevunjika. Anatolewa nje.

"Ndiyo mchezo," alisema dereva, akawasha injini.

Misumari alikuwa ameshasimama. "Shusha."

"Mzee, hata hatujatoka."

"Basi itakuwa rahisi."

Alifika uwanjani wakati wa mapumziko ya mchana. Mpwa alikuwa amekaa nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, miguu ndani ya ndoo ya maji baridi, anakula ndizi. Wiketi sita. Alikuwa anacheka peke yake.

"Mjomba! Pichi yako inanipenda. Umeilisha nini?"

"Maji," alisema Misumari.

Mpwa akaendelea kucheka, kisha akaliona begi.

Misumari akamweleza yote, kwa maneno machache, ndoo, shati, magunia. Mpwa aliacha ndizi. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wanaimba, na walikuwa wanaliimba jina lake.

"Miaka kumi na minne nimerusha juu ya mkeka wako," mpwa alisema. "Mikono imechubuka. Nimekosa zamu, nimekosa ubatizo wa mwanangu. Leo ndiyo siku yangu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuja kuniambia." Akatoa miguu ndani ya ndoo. "Ukisema, watasema nimebebwa. Usiposema, nitajua mimi na wewe. Sasa amua. Lakini mjomba, usiniambie mimi kisha ukapanda gari. Ukinifanyia hivyo kama ulivyomfanyia mama, usirudi."

"Nilikuwa nimeshapanda," alisema Misumari. "Nimeshuka."

Aliliacha begi pale, pembeni ya ndoo, akaenda.

Katibu alimsikiliza mlangoni mwa ofisi, na uso wake ukawa unabadilika rangi kama kitambaa kwenye beseni. Akamvuta ndani, akafunga mlango.

"Sikukusikia," alisema.

"Nirudie?"

"Usirudie! Mzee mwenzangu, nisikilize. Tumengoja hadhi hii miaka arobaini. Unajua watatuita nini? Watu wa mikeka. Watasema tuliwapa kiti wakakikalia kichwa chini. Mtu kapigwa na mpira, basi. Ni umande. Mwamuzi mwenyewe kasema umande."

"Yule kijana kidole chake hakikuvunjwa na umande."

Katibu alikaa. Alijifuta uso kwa tai. Alikuwa mtu mwema, na siku hiyo alikuwa amevaa suti ya harusi yake.

"Nitaongea mimi," alisema. "Wewe lugha yao huijui."

Msimamizi wa mechi alikuwa mama mgeni, miwani mnyororo shingoni, mbele yake sahani ya matunda aliyokuwa hajaigusa. Misumari alivua kofia, akaeleza tangu mwanzo. Alieleza mkeka na jinsi jioni ilivyokuwa ndiyo mwisho wa kila kitu, akaeleza askari na bomba, akaeleza shati. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa mkupuo mmoja. Katibu akageuka, akatafsiri. Maneno matano.

"Hayo hayakutosha," alisema Misumari. "Nimesema mengi kuliko hayo."

"Lugha yao ni fupi."

Misumari akatoka nje. Katibu alishusha pumzi, akidhani ameondoka, maana ndivyo kila mtu alivyomjua. Lakini akarudi na ile ndoo ya kumwagilia, akaiweka juu ya meza kati ya sahani na karatasi. Akajigonga kifua kwa kidole. Akaonyesha dirishani, upande wa tangi. Kisha akaichukua ndoo, akaiinamisha, na matone machache yaliyokuwa yamebaki yakadondoka kwenye sakafu ya Msimamizi.

Yule mama aliyatazama matone. Akavaa miwani. Akamwambia Katibu kitu, polepole, na safari hii Katibu akatafsiri yote, macho chini.

"Anauliza, kwa nini unasema? Hakuna aliyejua."

Misumari alifikiri. "Mwambie mechi haijaisha," alisema. "Nilidhani imeisha. Ndilo kosa lenyewe."

Waliitwa waamuzi, wakaitwa makepteni. Wote wakatoka kwenda kuipima pichi kwa vidole, na Misumari akatakiwa asimame pale pale katikati ya uwanja, kofia mkononi, huku watu elfu tano wakiuliza kuna nini. Kisha kipaza sauti kikawaambia. Kelele ilianza upande wa ukuta ikazunguka. Mtu akarusha chupa ya plastiki. Mwingine akapiga kelele, "Ukatandike mkeka wako!" na watu wakacheka, kicheko kibaya. Misumari alihisi miguu ikimwasha kuanzia nyayo mpaka mapajani. Geti lilikuwa wazi. Alihesabu vishina vya nyasi, akafika mia moja na kitu, akaanza upya.

Kepteni wa wageni, kijana mrefu aliyeungua pua, alibonyeza udongo kwa dole gumba, akatikisa kichwa, akasema sasa umekauka, tuendelee.

Wakaendelea. Wageni walitolewa kwa mbio mia na thelathini na moja. Wenyeji walipoingia tena siku ya tatu, jua lilikuwa limeikaanga ile sehemu iliyolowa, ikapasuka nyufa kama matope ya bwawa, na mipira ikawa inaruka na kulala ovyo upande ule ule wa tangi. Wakatoka kwa mbio mia na mbili. Siku ya nne, kabla ya chai, wageni walifikisha mbio walizohitaji, wakashinda wakiwa wamebakiwa na wiketi tatu. Misumari alikuwa uwanjani mpaka waamuzi walipong'oa vijiti, na alimuuliza mwamuzi mara mbili kama kweli imeisha, ndipo akajaza ndoo.

Uwanja ulifungiwa Testi kwa mwaka mmoja. Nchi haikunyang'anywa hadhi, ingawa yalisemwa mengi. Ilishinda Testi yake ya kwanza baada ya miaka mitatu, ugenini, siku ya mvua nyingi.

Mpigaji mgeni alikosa mechi mbili, akapona, ila kidole hakinyooki.

Mpwa alicheza Testi nne nyingine na kupata wiketi kumi na moja. Zile sita zimebaki kitabuni bila alama yoyote pembeni. Hakuzungumza na mjomba wake kwa miezi minne. Siku aliyozungumza naye alimwomba amshikie ngazi akifunga taa. Siku hizi anafundisha vijana na ana duka la vifaa vya umeme.

Katibu alijiuzulu kwa barua, barua ikakataliwa, akaendelea mpaka alipostaafu. Ile suti hakuivaa tena.

Msimamizi aliandika ripoti ya kurasa mbili. Ndoo imetajwa.

Mtaalamu alipona. Alisema hamtaki mtu mwingine ila Misumari, kwa sababu huyu hatasahau tena. Akaongeza karatasi ya nne yenye mstari mmoja, wakaibandika juu ya bomba.

Mkeka ulitumika chuoni miaka miwili. Waliukunja. Ukavunjika mgongo, wakaukata vipande vya kufutia miguu, na kimoja kipo mlangoni pa bwalo.

Dada alipigilia msumari ukutani katika chumba cha nyuma, yeye mwenyewe, bila kuuliza. Misumari alitundika shati.

Alikaa miaka mitatu zaidi. Kisha akaondoka, asubuhi, baada ya kuwaambia wiki nzima kabla, na dada na mpwa wakamsindikiza mpaka stendi. Basi lilichelewa saa mbili na wote walikaa. Alipata kazi ya kutunza bustani katika mji wa kumi na tatu. Huandika mara moja kwa mwezi, karatasi moja, taratibu.